Kitunga cha Furaha Kiko na Kifuniko

Dada Nyota wa Mweso, watoto hawajambo?

Huku Mubi mvua tu, masasi ya bunduki yamenyamaza. Furaha, ule mutoto niliyemuzaa mimi mwenyewe, amechora ku ordinatere, ile kompyuta yake, kitunga cha kubebea dawa mwilini, kidogo hata chawa hakioni. Mashine yenyewe inapanga nyuzi za ADN, wengine wanaita DNA, zitakazokifanya. Nikamuuliza, "Kitunga bila kifuniko? Watu wanicheke?" Akaongeza kifuniko, hesabu ikaanza upya, grupu ya umeme, ile jenereta, ikazima: esanse yake ya kuiwasha imeisha! Na walimu wake wa Goma wanangojea mchoro leo. Nikamugeukia motari, mwenye pikipiki anayengojea kukuletea kadi hii: "Kaka, toa esanse yako." Akanung'unika, akatoa, grupu ikawaka. Mchoro umefika Goma!

Kadi njo itachelewa, motari atasukuma pikipiki bila esanse. Akifika umupe fufu na mboga ya sombe ale, yeye iko na hasira.

Nakukumbatia,
Mama Furaha