Nguo za Madamu Kwenye Kamba

Bukoto, Kampala

Dada Nabangala,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima, na kazi imekuwa nyepesi mpaka inaniudhi. Jumba lote hili, napikia watu wawili tu: mimi na Ongom, askari wa geti. Afande na Madamu walipanda ndege na watoto wiki iliyopita, watu walipoanza kusema vita haviko mbali. Hata mbwa walipanda.

Lakini ukitazama kutoka barabarani, hawajaondoka. Kila asubuhi nafua nguo zao zilizo safi, nazianika mbele ya nyumba ili wanaochungulia waone wenyewe wapo. Magwanda ya Afande yameanza kupauka kwa kufuliwa bure.

Nilimwomba Ongom anifungulie geti nije kumwona Mama. Akainamisha kichwa. “Dada, mimi nimepewa amri. Wewe hapana toka.”

Simu yangu Madamu aliondoka nayo, ndiyo maana naandika. Wandera, anayetuletea ndizi kutoka soko la Kalerwe, atakuletea barua hii akija huko Busia.

Jana Madamu alipiga simu kwa Ongom, akataka kuongea na mimi. Anasema nguo kwenye kamba hazitoshi tena. Kuanzia kesho nivae gauni lake la kijani, nifunge kilemba chake, nikae barazani watu wanione.

Gauni limenikaa vizuri, dada. Mkisikia Madamu ameuawa barazani, anzeni kunililia mimi.

Mdogo wako,
Nakhisa