Kwa Baba Silasi, Uliyenusa Kila Kibuyu

Komeo la mlango wa jikoni bado linagonga kabla hakujapambazuka. Ni upepo wa ziwani tu, lakini mimi huamka nikidhani ni wewe unalijaribu kama limefungwa vizuri. Mwaka umetimia, Baba Silasi, tangu ugonjwa wa kifua ulipokuondoa kwetu.

Ulishuku kila kitu. Samaki ulimfunua mashavu mbele ya muuzaji. Uji wa wajukuu uliuonja kwanza wewe. Tulikucheka, lakini hakuna mtoto wa nyumba hii aliyewahi kuungua mdomo.

Kisha ikaja asubuhi ile uliyogeuka kitandani na dari ikazunguka. Ulishika godoro kwa mikono miwili, ukatapika. Jana yake tulikuwa tumekunywa kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwa mdogo wako Nyamhanga, kule Butiama.

"Ni kile kibuyu," ukasema.

"Mbona na mimi nimekunywa?"

"Wewe hujagombania naye mpaka wa shamba."

Kwetu kibuyu cha ndugu hurudishwa. Wewe ulikitundika msumarini kikakauka. Nyamhanga alipokuja kukujulia hali, ulijifanya umelala. Alikaa barazani na mimi mpaka jua likawa kali, akaondoka bila kuuliza kibuyu chake.

Binti yetu Robi akakupeleka hospitalini kwa Hyasinta, mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Naye ulimshuku. Alikugeuza shingo, akakulaza haraka, kichwa kikaning'inia ukingoni mwa kitanda. Ulikamata khanga yangu.

"Mama Silasi, huyu binti ananimaliza."

"Usifumbe macho, babu," alisema, na mkono wake haukuondoka chini ya kichwa chako. "Kitazunguka, halafu kitatulia."

Kikatulia. Akakugeuza upande wa pili, akakuinua taratibu. Alitueleza kwamba ndani ya sikio kuna vichembe vidogo mfano wa chumvi, na vyako vilikuwa vimehama mahali pake.

"Hajanipa hata kidonge," ukaninong'oneza. Alipokulaza tena na chumba kisizunguke, ulichungulia chini ya kitanda.

"Unatafuta nini, babu?"

"Sasa Nyamhanga aliingiaje kwenye sikio?"

"Nyamhanga ni nani?"

Ukaanza kuvaa viatu. Tukarudi nyumbani Nyakato. Jioni Hyasinta alipiga simu kwa Robi kuuliza kama umeweza kulala. Hata hilo ulilishuku, ukauliza anataka nini.

Lakini kibuyu ulikiosha mwenyewe, ukakipeleka Butiama, ukamwambia mdogo wako, "Nilidhani ni wewe." Alikijaza, akakusogezea.

"Nusa kwanza, kaka. Maziwa yangu hayazungushagi mtu."

Ukanusa kweli. Tuliokusindikiza tulicheka, Nyamhanga hakucheka.

Kifua kilipokulaza, alikuja tena na kibuyu. Hukuwa na nguvu, nikakuinua kichwa. Ulikunywa bila kunusa. Nyamhanga akageukia dirishani.

Hakuna asubuhi tutakayokusahau. Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Nyangi, wanao Silasi na Robi, wajukuu zako Jastin na Flora, na mdogo wako Nyamhanga, ambaye bado anatuletea maziwa, kwa sababu siku ile alipokuaga ulimshika mkono ukamwambia, "Uje tena."