Mama Amebaki na Kiamu

Satellite, Nairobi
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa Mama Mdogo Zainab,

Assalaam aleikum. Naibusu mikono yako kutoka huku mbali. Joto la Maskati linakutendeaje, na magoti yako je? Sisi tunapumua, alhamdulillahi, ila nakuomba uketi kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Dada yako alianguka. Alikuwa dukani mjini, akimkatia mteja kitambaa, mkono wa kulia ukalegea na mkasi ukamtoka. Jirani yake wa duka, Pramila, ndiye aliyemkimbiza hospitali na kunipigia simu. Ni kiharusi.

Alipozinduka alinitazama akasema, "Ndoo! Ndoo!" Muuguzi, Kavutha, akaleta ndoo akidhani anataka kutapika. Mama akaisukuma, akalia kwa hasira. Sikuelewa. Niliogopa hata kumsogelea.

Kesho yake akaja Ndanu, mtaalamu anayewasaidia wagonjwa kusema tena, na picha zake. Ya maji, Mama akasema "mai." Ya mchele, "mtele." Ndanu akadhani ulimi ndio mzito. Kaka Abdulrauf akanivuta mlangoni.

"Mama hajielewi tena, Safa. Kuna nyumba ya kulea wagonjwa huko Uthiru. Tumpeleke."

Hapohapo Mama akaonyeshwa picha ya macho. "Mato," akasema, waziwazi, nami nikakusikia wewe! Wewe na yeye kwenye simu, mkicheka. Sisi tuliozaliwa Nairobi alitusemesha Kiswahili cha hapa. Kiamu, lugha ya utoto wenu Lamu, kilikuwa chenu wawili.

"Hajakosea!" nikapaza sauti. "Hicho ni Kiamu! Hata ile 'ndoo' ilikuwa 'njoo', alikuwa akiniita!"

"Na si ni Kiswahili tu?" Ndanu akauliza.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, macho yako wapi?" Akanikodolea tu. "Mato?" Akainua mkono wa kushoto, taratibu, akagusa kope. Abdulrauf akageukia ukuta.

Baadaye Ndanu alitueleza kwamba Kiamu tunakiita lahaja, lakini akilini mambo si lazima yafuate jina. Aliyekua na maneno mawili ya kitu kimoja huenda akayaweka mbalimbali, kama ya lugha mbili, na kila asemapo huchagua moja na kulizuia la pili. Anahisi ugonjwa umeumiza upande mmoja zaidi. Kile Kiswahili kingine kitarudi? Hakutuahidi.

Yuko nyumbani nami sasa, na habari ya Uthiru haitajwi tena. Lakini jana aliniambia jambo refu, machozi yakimtoka, nami nikaitikia tu kwa kichwa. Alijua kwamba sikuelewa. Akanyamaza, na hajasema kitu tangu hapo.

Tafadhali piga simu, uzungumze naye. Mimi nitakaa kando nisikilize, kwa sababu sina budi kujifunza kumwelewa akiwa bado ana la kuniambia.

Nisalimie Baba Mdogo Idarus na Charmi, jirani yenu. Mungu akuhifadhi ugenini, akutie nguvu ya kuipokea habari hii.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Safa