Wananong'ona Nini Nyuma ya Glavu

Jumapili, 22 Juni 2025

…na hakoromi! Nilianza kuliandika jana nikasinzia na kalamu mkononi. Somo wangu, Bi Mwanahawa, kungwi aliyenifunda, alinitisha bure — jiandae mwanangu, wanaume wa ukoo ule wanakoroma kama jenereta. Burhani wangu analala kimya, mkono wake juu ya nywele zangu. Na hata angekoroma ningempenda!

Fungate ni tamu. Chumba chetu hapa La Rochelle, mtaa wa huku kusini mwa Afrika, ni kidogo, baridi ya Juni inapita chini ya mlango, lakini kuna hita, kuna blanketi jekundu alilolileta mama mkwe kutoka Tanga, kuna udi. Na kuna yeye. Sitoki, hatoki. Bi Mwanahawa anakuja asubuhi na jioni kutoka mtaa wa jirani, Rosettenville, na vyungu vyake vya chakula. Ananisinga liwa jikoni, ananinong'oneza mambo ya ndoa huku ameziba mdomo kwa upindo wa kanga, ingawa jikoni tuko wawili tu. Kisha huyo, anaondoka. Masharti yake: hakuna kufagia, hakuna simu, hakuna kazi. Bwana harusi naye vilevile.

Sasa leo mchana nimeona waya unatokeza chini ya kitanda. Nikauvuta. Kompyuta! Bwana harusi akashika kichwa, akacheka kwa aibu. Usimwambie somo, tafadhali.

Tumeoana juzi na tayari tuna siri. Raha iliyoje!

Jumatatu, 23 Juni

Kazi yake nilikuwa naijua kwa jina tu: anatazama besiboli. Leo nimemwambia anieleze yote, naye akanieleza huku ananimenyea chungwa.

Marekani vijana wanacheza besiboli vyuoni. Kila Julai timu kubwa za kulipwa zinawagawana — timu hii inamwita huyu, ile inamwita yule, duru baada ya duru. Wanaita dirafti. Timu moja ya huko imeipa ofisi yao ya hapa mjini, Braamfontein, kazi ya kutazama video za vijana hao na kushauri nani aitwe. Msimamizi ni Nyaboke, dada wa Kikenya. Mkataba wa Burhani na wenzake unakwisha dirafti ikiisha. Baada ya hapo atabakizwa mmoja tu.

Nikamuuliza, ndiyo maana hata fungate imekushinda? Akasema ruhusa amepewa, lakini wenzake hawakuoa wiki hii, wao wanatazama tu. Akibakizwa yeye, tutahamia kwenye nyumba yenye jua asubuhi. Ameniahidi dirisha kubwa!

Basi nikasogea nami nikatazama. Mmoja amesimama juu ya kilima kidogo cha udongo, anarusha mpira. Mwingine amechuchumaa, amevaa kizuizi cha chuma usoni, anaudaka. Katikati yupo mwenye rungu anayetaka kuwaharibia. Ndiyo besiboli hiyo. Mengine yote ni kusubiri na kutema mate.

Lakini kuna mrushaji mmoja, Emmett Tull, kijana mrefu mwenye shingo ya twiga. Akielemewa, mdakaji wake anasimama, anapanda kilimani taratibu, wanaziba midomo kwa glavu na kunong'onezana. Kisha yule anarudi kuchuchumaa.

Wananong'ona nini?

Burhani: wanaziba ili wapinzani wasisome midomo.

Najua kwa nini wanaziba. Nauliza wanasema nini!

Amecheka mpaka chungwa likamwanguka. Eti hakuna mtu ofisini aliyewahi kuuliza hivyo.

Jumanne, 24 Juni

Aibu! Tumekaa kwenye blanketi, mimi na yeye na kompyuta, Burhani kajisahau akampigia kelele mwenye rungu aliyekosa mpira: Nje! Huyo nje! Mara mlangoni — Bi Mwanahawa na wali wake. Nani mnamfukuza huko ndani? Hata wiki haijaisha!

Burhani akasukuma kompyuta chini ya kitanda kwa mguu. Akajibu, panya, somo. Panya mkubwa.

Bi Mwanahawa akamtazama juu mpaka chini. Mwanangu, panya hafukuzwi kwa Kizungu na makofi. Maana kompyuta ilikuwa bado inashangilia kule chini! Nikaficha uso kwenye kanga. Tumbo linaniuma kwa kicheko mpaka saa hizi.

Baada ya chakula Burhani akalala. Nimetoa kompyuta peke yangu. Nimemfungua Tull, nikarudisha, nikarudisha tena, pale wanaponong'ona tu. Glavu mdomoni, vichwa vinagusana. Hata sisi bado hatujaweza kunong'ona vizuri hivyo.

Jumatano, 25 Juni

Leo vilevile. Alipokwenda kuoga — Tull. Aliposinzia — Tull. Sauti nimeizima kabisa. Kile kipande cha mvua nakirudia kuliko vyote: Tull amepigwa mipira vibaya, mabega yamemwanguka, mdakaji anapanda kilimani na kumwambia neno moja. Moja! Tull anacheka. Mpira unaofuata mwenye rungu hauoni kabisa.

Neno gani hilo? Ningekuwa na ujasiri ningemwandikia barua.

Burhani ameniletea jojo za mnanaa kutoka spaza, kiduka cha mtaani, kakimbia na kurudi na kofia imegeuka, kwa kuogopa kuonwa na somo. Mume mzima wa mtu! Nampenda, nampenda.

Alhamisi, 26 Juni

Simu ya Burhani imelia ndani ya kiatu, ndiko anakoificha. Nyaboke. Ameiweka sauti wazi ili nami nisikie, na sasa natamani asingefanya hivyo.

Nyaboke alianza kwa utani. Wewe bwana harusi, si uliomba likizo? Mbona kompyuta yako haina likizo? Kisha akasema Marekani wamefurahi. Kijana anaitwa Tull amepanda sana kwenye orodha yao kwa sababu ya Burhani.

Burhani akashangaa. Tull? Mimi nilishaandika asichukuliwe. Anaanza vizuri halafu anavunjika.

Ndiyo, maneno yako yanasema hapana, Nyaboke akajibu, lakini macho yako yanasema ndiyo. Umemrudia huyo kijana kuliko mtu yeyote amewahi kumrudia mchezaji. Na wewe unajua vile hawa watu hufanya. Maneno wanasoma, lakini wanaamini macho.

Ndivyo kazi yao ilivyo, sikujua! Kompyuta inahesabu kila unapomrudia mchezaji. Wakubwa wanasema mtu akimpenda mchezaji kweli, anamrudia bila kutaka. Kwa hiyo mimi, Kidawa, niliyeolewa Ijumaa na hina bado mbichi, nimempandisha Mmarekani daraja kutoka kitandani La Rochelle.

Simu ilipokatika Burhani akaizima kompyuta na kuiwasha tena. Akasema labda mashine imeharibika. Akaongeza: wakimwita Tull na Tull akavunjika, jina litakalotajwa ni langu.

Nilifungua mdomo. Nikamwambia chai imepoa.

Ijumaa, 27 Juni

Fungate imekwisha leo. Niandike kwa mpangilio, maana yamekuwa mengi.

Asubuhi Bi Mwanahawa alinisinga kwa mara ya mwisho. Akanivuta karibu, akaziba mdomo kwa kanga, akaninong'oneza. Kwa wiki nzima nilidhani atanipa siri kubwa. Leo amesema tu: mwanangu, unajua tayari. Pumua.

Nikaganda! Nikaiona mvua ile, kile kilima, zile glavu. Yule mdakaji ni somo wake! Hamfundishi kurusha, kurusha anajua. Anapanda pale kumwambia apumue.

Nikalia. Bi Mwanahawa akadhani ni utamu wa ndoa, akapiga kigelegele jikoni peke yake.

Burhani aliporudi kutoka swala ya Ijumaa nilimwambia. Kwamba macho yale hayakuwa yake, yalikuwa yangu. Akilala, akioga, mimi na Tull.

Akakaa kitandani, akakunja na kukunjua mkono wa kanzu yake nyeupe.

Kisha akasema polepole. Kompyuta ya ofisi haishikwi na mtu mwingine, Kida, nilitia sahihi. Nikisema ukweli, mkataba wangu umekwenda. Nikinyamaza, wanamchukua kijana nisiyemwamini, kwa jina langu.

Nikasema nisamehe.

Akanitazama. Halafu — huyu mume jamani! — akauliza: kwani ulikuwa unamtazama Tull?

Hapana. Mdakaji.

Mdakaji? Yule mfupi? Lonnie Pruett? Hayumo hata kwenye orodha. Rungu lake halifiki popote.

Sijui rungu lake. Natazama anavyonong'ona. Yule ni somo.

Akavua kofia, akavuta kompyuta mchana kweupe. Nioneshe.

Tulikuwa bado tunatazama Bi Mwanahawa alipokuja kututoa nje, amevaa, amejipulizia marashi. Tukatembea, mimi nimejifunika buibui jipya, mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, na kurudi, wamama wa Kikongo wakitupigia makofi kwenye balcony. Burhani akaniinamia sikioni. Nikadhani ni neno la mapenzi. Akasema: mwezi wa Aprili, Pruett aliumia kidole. Nitatazama Tull alirushaje bila yeye.

Nikasikia kama neno la mapenzi tu.

Jumapili, 29 Juni

Jana na leo hatukufanya kingine. Yeye ndiye anayeshika kompyuta sasa, mimi napika. Amezitazama mechi zote ambazo Pruett hakudaka. Tull yuleyule, mkono uleule — anasambaratika. Halafu akamfuatilia mrushaji mwingine wa chuo hicho, kijana mwoga anayelamba midomo. Naye vilevile. Pruett akipanda kilimani, anatulia.

Burhani ana macho ya mtoto aliyeona treni mara ya kwanza. Anasema kila mtu anatafuta mkono wenye nguvu, na yeye pia alikuwa anatafuta huo. Hajui kama hili linatosha. Mdakaji asiyeweza kupiga, timu nyingi hazimtaki. Labda sisi wawili tumelewa ndoa tu, tunaona mapenzi kila mahali.

Labda. Lakini kesho anakwenda Braamfontein kusema yote.

Jumatatu, 30 Juni

Amerudi na kompyuta begani! Hawajaichukua.

Amenisimulia tangu mlangoni hata koti hajavua. Alimwambia Nyaboke: yale macho yafutwe, si yangu. Ni ya mke wangu.

Nyaboke: Ati bibi yako? Kwa fungate? Aki wewe Burhani, umeoa ukaleta ofisi kitandani?

Wenzake wakasikia, wakacheka. Mmoja akauliza kama mke wake naye anaweza kuajiriwa. Nyaboke hakucheka. Akafunga mlango, akamwambia amevunja sharti na itabidi aandike hivyo Marekani, hana njia. Burhani akajibu andika. Ila andika na hili: msimwite Tull mapema. Mkitaka mtu wa chuo kile, mwiteni Pruett, katika duru za mwisho mwisho.

Kwa sababu gani?

Akamweleza ya somo. Nyaboke akasikiliza. Akasema sisi kwetu Kisii hatuna mtu kama huyo, ningemtaka siku ile naolewa.

Atabakizwa au hatabakizwa, hajui. Jibu ni baada ya dirafti.

Nimemwandalia maji ya moto. Mume mkweli ni mzuri sana kumtazama akinywa chai. Hata kama dirisha kubwa limekwenda.

Jumatatu, 14 Julai

Wiki mbili sijaandika, nilikuwa nimeshughulika kuwa mke. Lakini leo siwezi kukaa kimya.

Dirafti ilianza jana huko kwao. Asubuhi tumeamka tukakuta Tull ameitwa — na timu nyingine! Mapema sana, watangazaji wanamsifu mpaka basi, wanaonesha mkono wake polepole. Timu ya Burhani ilimwacha. Wenzake wameandika kwenye kundi la simu: eish, bwana harusi, umetukosesha nyota. Mwingine kaweka picha ya kitanda.

Burhani ameigeuza simu kifudifudi. Amekunywa chai nusu kikombe.

Sasa ni jioni, magharibi imeadhiniwa, tumeswali. Siku ya pili ya dirafti inaendelea, nasi tunamsubiri Pruett. Majina yanasomwa harakaharaka kama mtu anayeuza nyanya. Duru moja, nyingine, nyingine. Tuko chini ya blanketi jekundu, kompyuta magotini, hita miguuni. Bi Mwanahawa naye yupo! Tulishamwambia. Amekaa kwenye kiti na tasbihi yake, anauliza kila jina: ndiye? Siye, somo. Ndiye? Siye.

Burhani mkono umekuwa baridi. Nimejifunika mdomo kwa kanga, nikamwinamia.

Pumua, nimemwambia.

Amepumua. Amenitazama, na mabega yakashuka. Wallahi nimeyaona yakishuka!

Na hapo hapo simu yake imetikisika. Si kundi. Ni Nyaboke, ametuma sauti. Tumeisikiliza watatu, na majina bado yanasomwa:

Burhani, mwambie bibi yako nataka kuja La Rochelle. Usiniulize ni ya nini, nitawaambia nikifika. Na huyo somo awepo. Kabla huu mwezi uishe, lazima nitakuja.

Burhani anasema anakuja kuchukua kompyuta. Mimi nasema mtu hachukui kompyuta mbele ya somo. Bi Mwanahawa anauliza mgeni wa Kikenya anakula nini, na ndiye huyo sasa wanayemtaja? — siye, somo, bado — basi mwambieni aje, kabla mwezi haujaisha, tutampikia.