Maulidi ya Mama na Majibu ya Maabara

Jumatano, Mtambile. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imekatika. Moyo wangu umetulia kuliko nilivyotegemea.

Majibu ya Mama yametoka jana. Ni ya ule uvimbe aliotolewa Dar, kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, uliomnenepesha vidole hadi pete ya ndoa ikabidi ikatwe.

Daktari alinieleza kwa simu, wala hakuwa na haraka. Wamezipima seli kwa alama za molekuli. Protini inayoonyesha kasi ya seli kugawanyika iko juu, na picha nazo zinaonyesha uvimbe ulishaanza kupenya kwenye mfupa wa jirani. Walichoweza kutoa wamekitoa. Alama peke yake hazithibitishi kuwa utakua tena, lakini ukiziweka pamoja na picha, yeye hataki kusubiri. Anataka Mama arudi, apigwe mionzi.

Mimi nafundisha baiolojia. Nilielewa kila neno, na nilitamani nisingeelewa.

Shida ni maulidi. Mama aliweka nadhiri: uvimbe ukitoka, atasomesha maulidi hapa nyumbani. Ni Ijumaa hii. Mchele umeshachambuliwa, watu wamealikwa mpaka wa kule Wesha, na Mama kwa nadhiri hana mchezo. Nikimwambia, huenda akaona nadhiri haijatimia, akawarudisha watu. Nikinyamaza, atashukuru mbele ya majirani kwa jambo ambalo mimi najua halijakwisha.

Hilo la pili lilinikaa vibaya zaidi.

Basi nimemwambia leo, baada ya adhuhuri. Nimemweleza kuwa uvimbe wake ni wa tabia ya kutambaa, si wa kukaa pahala pamoja, na kuwa maabara wameona seli zenyewe zinagawanyika kwa kasi, ndiyo maana daktari anataka arudi apigwe mionzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Miye n'linadhiri utoke," akasema. "Haukutoka? Umetoka. Hino nyengine ni dua nyengine, na watu wa kuiomba nshawaalika."

Nilicheka. Halafu nikaingia jikoni nikalia, sifichi.

Kabla sijaingia huko alishaniambia alivyopanga kila kitu. Kabla ya dua atawaambia watu mwenyewe kuwa hajapona sawasawa, maana hataki hongera za bure. Nilimwonea fahari mama yangu. Nikadhani mazungumzo yamekwisha.

Akanifuata jikoni. Akaangalia mlangoni kwanza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Hiyo mionzi, mwanangu, yauma?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote. Seli, protini, mfupa, kwa nini sasa na si baadaye. Hilo halikuwamo. Nilikaa na daktari kwenye simu muda wote ule na halikunipitia akilini.

Nimemwambia sijui.

Asubuhi nitampigia tena daktari. Safari hii simu ataishika Mama.