Idi Hakumkataa Kocha

"Hata marehemu Idi alikuwa amemchoka huyu kocha."

Hayo ni maneno ya Barasa, mwenyekiti wetu wa mashabiki, jana asubuhi katika hoteli inayotazamana na duka lako la ushonaji, Idi. Aliyasema kwa sauti ya msibani, macho chini, kikombe mkononi. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema, "Kumbe." Na Jumamosi hii mashabiki wanakutana kuamua kama tutaitaka kamati ya timu imfukuze kocha.

Idi, ndugu yangu, ni uongo. Nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi.

Aliyemchoka kocha ni mimi. Bungoma nzima inajua. Wewe ulimtetea tangu alipofika, ukamtetea tulipofungwa nyumbani, ukamtetea hata siku ile alipomwita mchezaji wake kwa jina la mwingine. Ulikata suruali za watu huku unamtetea, mkasi unapaa hewani, mpaka mwenye kitambaa anaingiwa na hofu. "Ati washambulizi wawili! Na nani atarudi kukaba, wewe? Vitabu vyote hivyo umesoma, Mwalimu, hakuna hata kimoja kimewahi kukaba namba tisa." Ulikuwa na kelele kuliko mimi, na mimi si mtu wa kunong'ona. Ulikuwa na hila pia. Ukiona unashindwa unawasha pasi ya mkaa na kutujaza moshi.

Barasa amesahau meza yako ya kupigia pasi? Pale ulipanga vifungo vya koti, vyeusi sisi, vyeupe wapinzani. Sheria ilikuwa moja: ukiondoa kifungo, weka kingine palepale na utaje jina la mchezaji. Barasa alikuwa wa kuondoa tu. "Weka mtu, mwenyekiti," ulimwambia. "Hatuwezi kucheza na shimo." Alikasirika, akakaa wiki nzima bila kuja dukani, halafu akarudi na suruali ya kupunguzwa kiuno kana kwamba hakuna lililotokea. Huyo ndiye leo anajua siri za moyo wako.

Sasa niseme lile lililonileta kwenye karatasi hii.

Ile Jumapili ya Kitale tulikuwa twende pamoja. Kifua kilikuwa kinakusumbua, mkeo Mama Zuhura akakukataza. Ulinifuata mpaka mlangoni na tepu ya kupimia shingoni, ukaniambia, "Nenda. Uniletee mechi yote, usiruke kitu. Na usitazame na macho yako peke yake, tazama na yangu pia." Nilicheka. Nilikwambia macho yako yana ukungu.

Haya, nimekuletea.

Tulifunga mapema, kona, kichwa cha Simiyu. Mpaka mapumziko tulikuwa tunawachezea tunavyotaka. Halafu ikaja ile mvua ya Kitale ya alasiri, haiombi ruhusa, uwanja ukawa shamba lililolimwa jana. Kocha akamtoa Simiyu. Akaingiza beki! Mshambulizi wa pekee tuliyekuwa naye, Idi! Nilipanda juu ya benchi. Nilimtukana kocha kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kibukusu, watu wa Kitale wenyewe wakanigeukia wakishangilia. Dakika za mwisho wakasawazisha. Bao moja kwa moja. Nilikuwa na hasira tamu, ile ya mtu aliyethibitika kuwa sahihi.

Mvua ilinizuia, nikalala kwa dada yangu. Unajua nimekataa kununua simu ya mkononi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunipata. Usiku na asubuhi nilipanga hoja zangu. Nilijua utasema nini na nikawa na jibu la kila kitu. Nilishuka Bungoma Jumatatu, sikwenda hata nyumbani kunawa. Nilifika dukani nikianza sentensi kabla sijaona kwamba milango imefungwa.

Jirani yako muuza vyombo ndiye aliyeniambia. Jumapili asubuhi kifua kilikubana, adhuhuri haikukukuta. Walikuzika baada ya sala ya alasiri. Nilihesabu nyuma, Idi. Wakati wanakuteremsha kaburini, mimi nilikuwa juu ya benchi Kitale, nimelowa, natukana.

Sikulaumu dini yako wala wanao. Waliharakisha kama inavyotakiwa. Lakini mimi nimezaliwa Bumula, kwetu msiba ni siku nyingi. Marehemu anakaa nasi, watu wanakuja kutoka Malakisi, kutoka Lwakhakha, kipaza sauti kinapita mikononi. Kila mtu anasema alivyomjua marehemu, na ukidanganya kuna shangazi atasimama akukatize mbele ya wote. Ninyi hamna hayo. Ni dua, ni udongo, watu wanarudi nyumbani. Nilikwenda makaburini nikasimama, na mimi ambaye sijawahi kukosa neno sikupata hata moja.

Nafikiri hapo ndipo Barasa alipokosea. Yeye naye ni wa kwetu, amekulia kwenye hotuba za matanga. Wewe ukazikwa bila hotuba, naye ilimwasha kooni. Jana akaitoa mbele ya chai na mandazi, na kama hotuba nyingi za matanga, akamfanya marehemu akubaliane na msemaji. Tofauti ni kwamba hapakuwa na shangazi.

Nilipombishia, alinijibu, "Mwalimu, si hata wewe unataka kocha aende? Tuko upande mmoja, bana." Akaongeza kwamba ungeiona ile mechi ya Kitale ungebadilika.

Ungebadilika! Nakusikia kabisa. Ungesema, "Alama moja, ugenini, kwenye tope, na unalia? Simiyu alikuwa anachechemea tangu mapumziko, hukuona?" Na sijui, Idi. Huenda alikuwa anachechemea kweli. Sikutazama na macho yako. Nilitazama na yangu tu, na sasa siwezi kukuuliza nilichoruka.

Duka bado limefungwa. Zuhura anasema watauza cherehani moja, nyingine ibaki. Mashabiki tunakutana hotelini siku hizi, na mjadala ni mwepesi mno. Kila nikisema kocha hafai, wanapiga meza kwa furaha. Nashinda kila siku. Sijawahi kuchukia kushinda namna hii. Kuna wakati natupa hoja nzuri kisha nasubiri, kichwa nimekielekeza upande wa duka lako.

Bado naamini mfumo wa kocha ni mbovu. Usifurahi huko uliko. Lakini nakuahidi hivi: Jumamosi nitasimama mara mbili. Kwanza nitamtetea kwa hoja zako, zote, hata zile za kijinga, kwa nguvu zako na kelele zako. Kisha nitasema zangu. Wakiamua abaki, nitakuja makaburini kulalamika. Wakiamua aondoke, nitakuja pia, na hutanipa amani.

Pumzika, ndugu yangu. Nimekukosa kuliko nilivyodhani mtu anaweza kumkosa mpinzani.

Na ninyi mtakaoisoma barua hii, maana naibandika hotelini kesho asubuhi: Barasa, na wewe uliyesema "Kumbe," na wote mliotikisa vichwa, njooni Jumamosi. Anayetaka kocha afukuzwe asimame kwa miguu yake, ataje jina lake mwenyewe, atoe sababu zake mwenyewe. Na kabla hujafungua kikao, mwenyekiti, sema mbele ya Zuhura, ambaye nimemwalika, kwamba baba yake hakusema lile neno.