Mkoromo Niliodhani ni Wako

Mpendwa Mama,

Mjukuu wako Kemunto amelala hapa kando yangu mchana huu, mdomo umefungwa. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, maana wewe ndiye ulifanya nichelewe.

Usikasirike. Unakumbuka ukitoka kuchuma majani chai kule Nyaramba? Unakaa kwa kiti, unaniambia, "Nafunga macho kidogo tu, usinizimie redio." Dakika mbili, mdomo wazi, mkoromo mpaka kuku wanatoka nje. Nikizima tu, unaamka: "Si nilikuwa nasikiliza!"

Ulipotuacha nilijifungua msichana, na kama desturi yetu ilivyo tukampa jina lako. Alipofika miaka mitatu akaanza kukoroma. Mama mdogo alikuja kututembelea hapa Keumbu, akamkuta amelala kwa kiti chako, akapiga makofi. "Ni Kemunto mwenyewe amerudi! Mwacheni alale!" Tulicheka mpaka tukalia. Tangu siku hiyo sikufikiria hospitali. Nani atampeleka mama yake akatibiwe mkoromo?

Lakini Mama, wewe ulikoroma ukaamka ukashika jembe. Huyu aliamka amechoka. Akila, anaacha kutafuna ndio avute hewa. Mwalimu wake wa nasari akaniita. "Mama Kemunto, mtoto namwita mara tatu hasikii. Halafu analala kwa dawati." Nikamwambia ni jina, amefuata nyanyake. Akaniuliza, "Jina huziba pua?"

Hospitalini, daktari alimfunga mdomo polepole, akaweka kioo kidogo chini ya pua. Kioo kilibaki kikavu. Akasema huko nyuma ya pua kuna kinyama kimevimba, kinaziba hewa na kusumbua masikio pia. Akatupa dawa ya kupuliza puani, akanikataza kumlaza jikoni kwa moshi. Isiposaidia, kitatolewa kwa upasuaji. "Ameanza lini?" akauliza. Niliona aibu. Mwaka mzima nilikuwa nakaa kando ya mtoto nikikusikiliza wewe.

Nikuambie ukweli, siku ya kwanza nilishika ile chupa mkono ukakataa. Niliona kama nakuzika mara ya pili. Halafu nikamwangalia vile anahangaika na uji, nikapuliza.

Juzi tumerudi kwa daktari. Kioo kilishika ukungu, Kemunto akauchora na kidole akicheka. Upasuaji ungoje kwanza, daktari alisema, tuendelee na dawa.

Leo hapa nyumbani ni redio tu inayosikika, Mama, mkoromo hakuna. Nimeinama mara mbili kuhakikisha anapumua. Kimya hicho kimeniuma kidogo, sitakuficha. Nikazima redio ili asisumbuke.

Jicho moja likafunguka. "Mama! Si nilikuwa nasikiliza!"

Hakuna mtu amemfundisha. Nimeiwasha tena, na sauti nimepunguza, kwa sababu sasa anasikia.

Lala salama, Mama. Sisi huku tunapumua.

Ni mimi binti yako,
Mama Kemunto